Talaka na watoto: jinsi ya kulitumia Baraza la Ndoa mkamalizana bila kuvuana nguo mahakamani (mwongozo kamili, Tanzania Bara)

Watu wengi wakishaamua kuachana wanaliona Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kama geti la kupita tu, unaenda kata, unakaa kwenye benchi, wazee wanawauliza maswali mawili matatu, mnasema imeshindikana, unachukua hati yako mbio mahakamani. Ruksa kufanya hivo, ila mi naona ni kutupa nafasi ambayo hutaipata tena, manake ukishafika mbele ya hakimu kila mtu anakuja kushinda, na kwenye kushindana huko watoto ndo wanageuka kuwa mali ya kugombewa kama kiwanja.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imelipa baraza kazi mbili. Ya kwanza watu wanaijua, kujaribu kuwapatanisha, na wakishindwa watoe hati kwamba wameshindwa. Ya pili wengi hawaijui kabisa: baraza linaweza kuambatanisha kwenye hati hiyo mapendekezo yake kuhusu matunzo, mgawanyo wa mali na malezi ya watoto. Yaani hata kama ndoa imekufa na kuzikwa, mnaweza kutoka pale kata na karatasi inayosema watoto watakaa wapi, nani analipa ada, baba atawaona lini. Hakimu habanwi nayo lakini mkija wote wawili mmekubaliana na kinachosemwa kina faida kwa mtoto, hana sababu ya kuanza kuchimba upya.

KABLA YA YOTE: USULUHISHI UNAKUFAA?

Kama kuna kipigo, vitisho, au mtu ana silaha ndani, usikubali kushinikizwa ukae meza moja na huyo mtu eti kwa sababu "mambo ya ndoa yanamalizwa ndani". Nenda polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, chukua PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali) kama umeumia, tibiwa, tunza karatasi zako. Mtoto akiwa hatarini kuna namba 116, ya bure. Ukishakuwa salama bado unaweza kupita baraza, na una haki ya kuwaomba wazee wakusikilize peke yako kwanza, au siku tofauti na mwenzako. Mwenyekiti mwenye busara atakubali. Asipokubali usilazimishe, hilo ni jambo la kumweleza hakimu, kwa sababu sheria inasema mahakama ikiridhika kuna mazingira ya kipekee yanayofanya baraza lisiwezekane basi unaruhusiwa kufungua shauri bila hati.

Kuna na wengine ambao sheria haiwalazimishi kupita baraza: mwenzako kakutelekeza na hujui alipo, au yuko nje ya nchi na hategemewi kurudi ndani ya miezi 6 tangu ufungue shauri (hii inawagusa sana wenye waume au wake walioko Oman na nchi zingine za Ghuba kwa mikataba ya kazi), au ameitwa na baraza akakataa makusudi kuja, au amefungwa maisha au kifungo kisichopungua miaka 5, au unadai ana ugonjwa wa akili usiopona. Nje ya hapo kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa hakina huruma. Ukienda mahakamani bila hati shauri lako linaweza kwenda vizuri mwaka mzima, ukashinda kabisa, halafu kwenye rufaa likafutwa lote kwa sababu lilifunguliwa kabla ya wakati wake. Imeshatokea hadi Mahakama ya Rufani, sio stori za kijiweni.

Na kama ndoa yenu haijafikisha miaka 2, hata ukiwa na hati unatakiwa kuomba kwanza kibali cha mahakama cha kuomba talaka mapema, na lazima uonyeshe unapata mateso makubwa ambayo si ya kawaida.

HATUA YA 1: NENDA BARAZA AMBALO NI BARAZA KWELI

Hapa ndo watu wanaumia bila kujua. Kikao cha ukoo sio baraza. Mshenga sio baraza. Mjumbe wa shina, mwenyekiti wa mtaa, wazee wa jumuiya pale kanisani, hao wote wanaweza kuwasaidia sana kuelewana (na kama mnaweza kuelewana huko kwa wazee anzeni huko, ni bure na hakuna aibu) lakini karatasi yao haikufikishi mahakamani.

Baraza linalotambulika ni la kata, au la jamii ya dini lililoteuliwa kisheria, mfano BAKWATA kwa Waislamu, na baadhi ya makanisa nayo yana mabaraza yao. Kama nyote wawili ni wa jamii moja ya dini yenye baraza mnaweza kwenda huko. Kama sivyo, sheria inakupeleka kata anayoishi mume, na kama mume yuko nje ya nchi basi kata anayoishi mke. Mwanamke aliyerudi kwao Singida huku mume yuko Mbagala hili linamuudhi sana na mi namwelewa, nauli, watoto, pa kulala, lakini ndo sheria ilivyo, kwa hiyo jipange usafiri mara moja ukiwa na kila kitu mkononi.

Ukifika uliza maswali haya bila kuona haya: hili ni Baraza la Usuluhishi wa Ndoa? Wajumbe wanakaa wangapi? Mnatoa hati ya Fomu Na. 3? Baraza linatakiwa liwe na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua 2 na wasiozidi 5, kwa hiyo ukimkuta mzee mmoja mwenye muhuri anakuandikia barua dakika kumi umeondoka, jua hiyo barua ni bomu la baadae. Na ukiombwa hela uliza ni ya nini, dai risiti.

Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ni sehemu nzuri mno kwa mambo ya mtoto. Maafisa ustawi wanajua kuongea na wazazi waliovurugana kuliko watu wengi, wanaweza kuwakalisha mkaandikiana matunzo, na mahakama ikitaka taarifa ya hali ya mtoto ndo hao hao wanaotumwa. Ila kwa hati ya talaka hakikisha unapita kwenye baraza.

HATUA YA 2: JIANDAE, USIENDE NA HASIRA TU

Wakili haruhusiwi kukuwakilisha mbele ya baraza, na ndugu hawezi kukuongelea mpaka baraza liruhusu. Maana yake shangazi yako mwenye mdomo atakaa nje, na wewe utaongea mwenyewe. Unaweza kwenda kwa msaidizi wa kisheria au kituo cha msaada wa kisheria kabla (WLAC na TAWLA wanasaidia wanawake miaka mingi sasa) wakakupanga pointi zako.

Beba cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki kwa wadogo, risiti za ada, kopi za nyaraka za kiwanja au gari kama zipo. Kama cheti cha ndoa kapotea nacho mwenzako, nenda na kitu kingine kinachoonyesha mlifunga ndoa, mashahidi, barua ya mahari, picha.

Halafu andika bajeti ya mtoto. Hii naisisitiza kwa sababu nimeona vikao vingi vinavunjika hapa hapa, mama anasema "laki tatu kwa mwezi", baba anasema "elfu hamsini", hakuna mwenye hesabu, wanaanza kutukanana. Chukua daftari uandike kitu kimoja kimoja. Tuseme mtoto yuko shule ya msingi ya serikali: chakula cha shuleni 1,000 kwa siku za masomo 20 ni 20,000. Nauli 800 kwenda na kurudi ni 16,000. Chakula cha nyumbani, sabuni, mafuta, tuseme 60,000. Sehemu yake kwenye kodi ya chumba 15,000. Matibabu weka akiba 10,000. Jumla 121,000 kwa mwezi, bado sare na madaftari ya Januari ambayo unayaandika pembeni. Sasa hapo mzazi mwenzio akitaka kubisha abishe kwenye mstari, aseme nauli sio 800 ni 600, ni mazungumzo ya watu wazima hayo. Na hizo namba ni mfano wangu tu, weka za kwako.

Kitu kingine cha kuandika ni ratiba ya mtoto ilivyo leo. Nani anamwamsha, nani anampeleka shule, akiumwa usiku nani anaamka. Andika ukweli hata kama unakuumbua.

HATUA YA 3: SIKU YA KIKAO

Salimia wazee, kaa, zima simu. Ukipewa nafasi ongea kwa kifupi: tulioana lini, tuna watoto wangapi, shida ilianza lini, tumejaribu nini, nataka nini. Usianze na ya mama mkwe mwaka juzi kwenye msiba. Meseji za mchepuko beba kama unazo ila usizisome zote kwa sauti, moja mbili zinatosha, wazee wameyasikia hayo mambo kuliko wewe na ukiendelea sana unamlazimisha mwenzako naye afungue faili lake.

Baraza litaanza na kuwapatanisha, ndo kazi yao, hivyo usikasirike ukiambiwa "rudini mkajaribu". Kama kweli unaona kuna nafasi sema. Kama umeshafika mwisho sema hivyo kwa adabu na kwa msimamo, "wazee nawaheshimu, mimi kurudi sitaweza, ila naomba mtusaidie tukubaliane ya watoto". Hiyo sentensi inabadilisha kikao. Baraza linaruhusiwa kuahirisha na kuwaita tena, kuwasikiliza watu wengine, kuuliza majirani. Vikao viwili au zaidi ni kawaida, na mara nyingi kikao cha kwanza ni cha kutapika hasira na cha pili ndo cha kuongea.

Mwenzako asipokuja, usishangilie. Omba aitwe tena kwa maandishi, na uhakikishe baraza linaweka kumbukumbu kwamba wito ulimfikia na hakuja. Bila hiyo kumbukumbu atakuja kumwambia hakimu "mimi sikuwahi kuitwa" na utarudishwa mwanzo.

HATUA YA 4: WATOTO (hapa tulia)

Nianze na uongo unaozunguka mtaani. Kuna imani kwamba mtoto akifikisha miaka 7 ni wa baba moja kwa moja, siku ya kuzaliwa tu baba anakuja na begi. Hakuna sheria ya hivyo. Kilichopo ni dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vizuri akae na mama yake, na hiyo dhana inaweza kupingwa kukiwa na sababu za maana, na hata hapo hapo sheria inaonya kuhusu ubaya wa kumhamisha hamisha mtoto. Baada ya 7 hakuna kinachogeuka chenyewe. Kinachoangaliwa muda wote ni ustawi wa mtoto kwanza, kisha matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama ana umri wa kuweza kutoa maoni yake, na mila za jamii yao. Mila ziko kwenye orodha ndio, lakini haziko juu. Kwa hiyo "nimelipa ng'ombe kumi na mbili" sio hoja ya malezi. Na "mimi ndo nimemzaa kwa uchungu" nayo haitoshi kama umeshamwacha kijijini kwa bibi miaka minne na baba yake ndo amemlea.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inamwangalia zaidi mtoto mwenyewe: ana haki ya kuendelea kupata matunzo na elimu ya kiwango alichokuwa nacho kabla wazazi hawajaachana, na ana haki ya kumwona mzazi ambaye haishi naye, labda iwe na madhara kwake. Wanaume wengi wananyimwa watoto kwa sababu hawajatoa hela ya mwezi huo, na wanawake wengi wananyimwa hela kwa sababu wamegoma kuonyesha mtoto. Hivi vitu viwili sheria haijavifunga kamba moja. Hela ni ya mtoto. Kumwona baba ni haki ya mtoto. Ukikomoa mmoja kwa kutumia kingine unakuwa umemkomoa mtoto, na hakimu akiona tabia hiyo haikusaidii wewe.

Sasa kaeni mjibu maswali haya mbele ya wazee, moja baada ya lingine, na yaandikwe:

Mtoto atalala wapi siku za shule? Chagueni nyumba moja. Hizi habari za wiki kwa mama wiki kwa baba zinawezekana mkikaa karibu na shule wote wawili, ukiwa Kigamboni na mwenzako Bunju ni kumtesa mtoto na foleni.

Likizo ya Juni na ya Desemba zinagawanywaje? Idd, Krismasi, Pasaka? Kama wazazi ni dini mbili hili liongeeni kwa kina, na mtoto anasali wapi, manake ugomvi wa namna hiyo huja baadae wakati kila mtu ameshaoa au kuolewa tena.

Nani anamchukua, saa ngapi, wapi? Kama mkikutana mlangoni mnagombana, chagueni sehemu ya kati, kwa bibi, shuleni, kwa jirani anayeaminika. Akichelewa anatoa taarifa kwa meseji.

Simu. Mzazi asiyeishi naye anapiga siku gani na muda gani, na mtoto anaachwa aongee bila mtu kumsimamia kichwani.

Shule na hospitali nani anaamua? Mi ushauri wangu ya kila siku aamue anayeishi naye, makubwa kama kumhamisha shule, boding, upasuaji, wote wawili. Majina ya wazazi wote yaandikwe shuleni.

Kuhama mkoa au kumtoa nje ya nchi. Andikeni kwamba hakuna kuhama na mtoto kabla ya kumpa mwenzako taarifa ya maandishi, wekeni na muda, mwezi au miezi miwili. Kama una wasiwasi wa kweli kwamba mwenzako atamtorosha mtoto nje ya Tanzania, mahakama ina uwezo wa kuzuia, omba mapema, usisubiri aonekane uwanja wa ndege.

Na mpenzi mpya. Watu wanaona aibu kuongelea hili mbele ya wazee lakini liongelewe: mtoto hatambulishwi kwa kila anayepita, na hakuna mtu mwingine wa kumchapa.

Ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe kama inawezekana. Ile tabia ya "wewe chukua wa kiume mimi nibaki na wa kike" inaonekana ni usawa lakini sio, mmewagawa watoto kama masufuria.

Mtoto mkubwa kidogo aulizwe, ila aulizwe na mtu mwenye utulivu, afisa ustawi au mzee mmoja wa baraza akiwa pembeni naye, asisimamishwe mbele ya baba na mama aambiwe chagua.

HATUA YA 5: MALI, KWA KIFUPI

Andikeni orodha ya kila mlichochuma pamoja, na madeni pia, VICOBA, SACCOS, mkopo wa bodaboda. Deni lililochukuliwa kwa faida ya wote linahesabika. Mchango sio hela peke yake, Mahakama ya Rufani ilishalimaliza hilo kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif mwaka 1983, kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango kwenye mali ya ndoa. Kwa hiyo yule anayesema "wewe ulikuwa unakaa tu nyumbani" mjulishe kwa upole. Lakini haina maana kwamba kila kitu ni nusu kwa nusu, mchango wa kila mmoja unapimwa, na mahitaji ya watoto wadogo pia yanaangaliwa.

Kwa maoni yangu anzeni na swali la nyumba: watoto wanabaki pale au la? Likishajibiwa hilo, mengine yanashuka yenyewe. Mwenye nyumba kwenye kiwanja cha ukoo awe makini, hapo unaongelea thamani ya jengo mlilojenga, na fidia ya fedha mara nyingi inamfaa mke kuliko kubaki kwenye kiwanja cha wakwe.

HATUA YA 6: ANDIKENI KAMA WATU MSIOAMINIANA

"Baba atatoa matunzo kadri ya uwezo wake." Sentensi hiyo nimeiona kwenye makubaliano mengi na haina maana yoyote, kila mwezi uwezo wake utakuwa sifuri. Linganisha na hii:

"Baba atatuma Sh. 120,000 kila mwezi kabla ya tarehe 5, kwa njia ya simu, kwenda namba iliyosajiliwa kwa jina la mama. Baba atalipa sare, madaftari na michango ya shule moja kwa moja shuleni kila Januari. Gharama za hospitali zaidi ya Sh. 30,000 zitagawanywa nusu kwa nusu na risiti itatumwa kwa picha. Kiasi hiki kitaangaliwa upya kila mwezi wa Januari. Baba atakaa na watoto kuanzia Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi saa 3 asubuhi hadi Jumapili saa 11 jioni, na nusu ya kwanza ya likizo za Juni na Desemba. Watoto watachukuliwa na kurudishwa nyumbani kwa bibi mzaa mama."

Mtu yeyote akisoma hiyo anajua nani kavunja. Kama kipato cha baba ni cha msimu, anauza mpunga au anavua, pangeni kwa msimu, laki tano baada ya mavuno na kidogo kidogo miezi mingine, ni bora kuliko kuandika kiasi cha kila mwezi ambacho wote mnajua ni uongo. Na mama mwenye kipato zaidi asishangae kuambiwa achangie, kulea ni kwa wote japo sheria ya ndoa inaanza na baba.

Someni kwa sauti, msaini kila ukurasa, wazee wasaini, kila mmoja aondoke na nakala. Usisaini siku hiyo hiyo kama umechoka au unalia. Omba siku mbili ukasome nyumbani.

HATUA YA 7: HATI, HALAFU MAHAKAMANI

Hati ya baraza iangalie kabla hujatoka ofisini. Majina yenu yawe sahihi kama kwenye cheti cha ndoa, wajumbe waliokaa waonekane, iseme wazi baraza limeshindwa kuwasuluhisha (barua inayosema tu "tunawaleta kwenu kwa hatua zaidi" imewaponza wengi), isainiwe na mwenyekiti, tarehe na muhuri. Mapendekezo na makubaliano yenu yaambatanishwe. Kuanzia tarehe ya hati una miezi 6 ya kufungua shauri, ukizubaa ikapita unaanza tena.

Shauri unaweza kufungua mahakama ya mwanzo, ya wilaya, ya hakimu mkazi au Mahakama Kuu, zote zina mamlaka. Kwa watu wa kawaida mahakama ya mwanzo inatosha, ni karibu, ni Kiswahili, gharama ni ndogo. Dar kuna Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia pale Temeke ambapo mashauri ya ndoa na mirathi yamekusanywa sehemu moja. Mwambie hakimu mapema kabisa kwamba ya watoto na mali mmekubaliana, muombe ayaingize kwenye amri yake. Hapo makubaliano yanapata meno. Hakimu bado atajiridhisha kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, kwa hiyo ushahidi wa hilo uwe nao, na anaweza kubadilisha kipengele cha mtoto akiona hakimfai.

Kwa Waislamu kuna njia yao ndani ya sheria hiyo hiyo: baraza likishathibitisha limeshindwa, na baada ya hapo mmoja akafanya tendo linalovunja ndoa kwa sharia ya Kiislamu, mfano mume akatoa talaka, mahakama inaweza kutoa amri kwa msingi huo. Angalia mpangilio, baraza kwanza. Talaka ya meseji iliyotumwa kabla ya yote haikupi amri ya mahakama.

Amri ikishatoka fuatilia isajiliwe RITA (wakala wa serikali wa usajili) upate cheti cha talaka, utakihitaji ukitaka kuoa au kuolewa tena.

MASWALI YANAYOULIZWA SANA

Hatukufunga ndoa, tulizaa tu. Mtoto wako ana haki zile zile za matunzo na kulelewa. Nenda ustawi wa jamii mkae, ikishindikana peleka maombi mahakama ya watoto. Huhitaji hati ya baraza kudai matunzo ya mtoto.

Niko Zanzibar. Sheria ya Ndoa ya 1971 ni ya Bara. Kwenu Waislamu mnakwenda Mahakama ya Kadhi, na mtoto ana Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011.

Niko Kenya. Utaratibu wenu ni mwingine, mahakama zenyewe zina mpango wa usuluhishi ulioanzia Milimani Nairobi mwaka 2016, shauri likishafunguliwa linaweza kupelekwa kwa msuluhishi. Lakini ile orodha ya maswali ya watoto na namna ya kuandika itakufaa tu.

Mwenzangu kavunja makubaliano. Kama yako kwenye amri ya mahakama rudi mahakama ile ile uombe utekelezaji, ukiwa na historia ya miamala ya simu na meseji. Kama yako kwenye karatasi ya baraza tu, rudi kwa wazee au ustawi kwanza, wakimuita akakaidi peleka karatasi hiyo mahakamani kama ushahidi. Na kama hali imebadilika kweli, kafukuzwa kazi, mtoto kapata ugonjwa, mama anahamia Mwanza, usijibadilishie mwenyewe kimya kimya, omba amri ibadilishwe. Sheria inaruhusu mambo ya mtoto kuangaliwa upya hata kama mlisaini.